Dawa ya Fukusi

Reli ilipofika Dodoma, Shaaban alishuka kutoka Kondoa kutafuta kazi, akakabidhiwa ghala la mtama wa vibarua. Kazi yake ilikuwa kuua fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka. Dawa ililetwa kutoka Ulaya ndani ya mapipa madogo ya bati, majimaji yenye harufu ya mayai viza. Msimamizi wa Kijerumani alimfundisha: imimine kwenye masinia juu ya magunia, funga milango siku mbili, na moto usikaribie, hata kiko, hata chungu kilichotoka jikoni. Kuhusu kuivuta puani hakusema neno.

Mwaka wa tatu vidole vya Shaaban vikafa ganzi. Akaanza kusahau majina ya watu. Asubuhi moja pipa likamponyoka, likapasuka sakafuni.

Nje, upande unakoelekea upepo, Stara, mpishi wa vibarua, alikuwa anakoroga uji na wenzake wawili. Shaaban akawaendea mbio.

"Stara, acheni vyungu. Twendeni huku, upepo unakotoka."

"Uji utaungua, kaka Shaaban."

"Uungue. Dawa imemwagika, mvuke wake unatambaa chini kuja huku."

"Basi tuzime moto kwanza."

"Hata mafiga yakiwa ya moto yanaiwasha. Njooni."

Akawavuta mikono, wakalizunguka ghala kwa mbali mpaka kwenye tuta la reli. Vibarua waliosikia kelele wakaja na ndoo akawazuia hapo hapo. Punde mwali wa buluu ukaruka kutoka mekoni hadi mlangoni, ghala likawaka. Hakuna aliyeungua. Mtama wote uliteketea, na mwaka ule mvua haikunyesha.

"Nani aliliangusha pipa?" msimamizi aliuliza.

"Mimi, bwana. Mikono haishiki."

Stara alitaka kusema jinsi alivyowaokoa, askari akamsukuma kando. Shaaban alichapwa viboko ishirini na vitano, akafukuzwa.

Alirudi Kondoa kwa miguu. Jembe lilimtoka mikononi, na mama yake, Bi Jaha, akawa anamlisha kidogo kilichopatikana.

"Nguvu zitarudi, mwanangu."

"Hazirudi, mama."

Aliposikia ghala limejengwa upya, alimtuma mchuuzi Athuman amwonye mtu mpya wa dawa, Bartolomayo, asiivute ile harufu. Athuman alirudi baada ya wiki mbili.

"Amecheka. Anasema mikono yake haina neno."

"Ana muda gani kazini?"

"Miezi sita."

"Yangu pia haikuwa na neno mpaka mwaka wa tatu."