Dole Gumba la Dadi na Msitu wa Wazee

Nilipokuwa mtoto, kabla hatujahamia Wembley, nilichapwa na Dadi mara moja tu. Dadi ni mama yake baba, na sababu ya kunichapa ilikuwa kijiti.

Shamba letu la minazi na mikorosho lilikuwa Kwale, na katikati yake palikuwa na msitu mdogo wa wazee wa Kidigo. Babu aliponunua shamba aliwaahidi wazee kwamba shoka halitaingia mle. Ilikuwa mwiko kutoka hata na jani. Anayetoa kitu, walisema, homa humfuata, na chemchemi iliyomo ndani hukauka. Mimi nikatoka na kijiti cha kuchezea. Dadi alinichapa, akanirudisha jua la utosi nikakiweke pale pale nilipokiokota. Siku ya tatu homa ikanilaza. “Nilikwambia,” akasema, na hakuondoka kitandani kwangu mpaka iliposhuka. Leo najua ilikuwa malaria tu, sote tulikuwa tukiugua. Lakini wakati ule niliamini, tena niliamini sana.

Kisha tukaja Uingereza, kama Wahindi wengi wa Afrika Mashariki miaka ile. Wembley tulikaa watu saba chumba kimoja, juu ya duka la vitambaa. Mimi na dada zangu wawili tulilala mzungu wa nne kwenye kitanda cha mtu mmoja, na mguu wa dada mkubwa ulikuwa usoni pangu kila asubuhi.

Baridi ya kwanza ikaja barua. Mtu alitaka kununua shamba lote, ila msitu ufyekwe kwanza apande korosho. Shamba lilikuwa kwa jina la Dadi, naye hakujua kuandika, kwa hiyo kilichotakiwa ni alama ya dole gumba lake. Kwa bei ile tungepata nyumba. Baba alishaiona, Kilburn, ya vyumba vitatu. Alinipeleka nikachungulia dirishani, nikajichagulia chumba.

Dadi hakugomba. Alichukua kitambaa akalifunga dole gumba kama mtu aliyejikata, akapika nalo hivyo, akafua nalo hivyo. Alikifungua kwa udhu tu, kisha akakifunga tena.

“Mama, sisi Waislamu,” baba akasema. “Mambo ya mizimu ni shirki.”

“Mizimu mie siijui. Najua babako aliwaahidi watu, na watu wale hawajanikosea. Ahadi si shirki.”

“Watoto hawana pa kulala.”

“Uza minazi, uza mikorosho. Msitu si wetu wa kuuza.”

Nikadakia, na adabu sikuwa nayo: “Msitu uko Afrika, Dadi. Homa yake haifiki huku.”

Alikaza fundo la kitambaa kidoleni. “Chemchemi nayo iko Afrika, mwanangu. Na wanaoinywa wako huko huko.”

Nilimchukia, nasema bila kupamba. Baba alimbembeleza wiki saba, mara kwa upole, mara kwa ukali, siku moja kwa machozi. Mwishowe ikaandikwa barua nyingine: shamba linauzwa, ila msitu na njia ya kuuendea vibaki kwa wazee. Mnunuzi akakubali, lakini kwa bei ndogo sana, na nyumba ya Kilburn wakaichukua wengine. Dadi akakifungua kitambaa mwenyewe, akatia dole kwenye wino. Tulikaa chumba kile miaka minne zaidi. Dadi alifariki tukiwa bado mle, na mimi nilikuwa bado nimemnunia.

Nilirudi Kwale nikiwa na mvi. Mikorosho imekwisha, kila upande ni nyumba na machimbo ya mchanga, na katikati msitu umesimama, una mbega na hondohondo. Wataalamu wa miti huja siku hizi na madaftari yao, wanasema baadhi ya miti ile haionekani kwingine. Wanausifu kana kwamba umejilinda wenyewe. Mimi nawajua waliokatazana mpaka ukabaki.

Aliyenitembeza ni Mwanasiti, mjukuu wa mmoja wa wale wazee, mwanamke wa umri wangu. Tulisimama kwenye chemchemi, akina mama wakichota. Akaniambia mwaka ule walisikia Wahindi wanauza, na nyanyake alikuwa akitoka kila asubuhi kusikiliza kama mashoka yameanza, maana kisima kingine hawakuwa nacho.

Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia kwamba mwaka huo huo, Wembley, nilikuwa nikimwomba Mungu kila siku Dadi atie dole.

Mwanasiti akacheka mpaka akashika mti. “Basi bahati yetu,” akasema. “Mungu alimsikiliza nyanyako.”

Nikacheka naye, kisha nikalia, kwa sababu Dadi sikuwahi kumwomba radhi, na wa kumwomba sasa alikuwa amebaki huyu. Nikamwomba. Mwanasiti akainama, akachota maji kwa kata, akanipa ninywe.