Tairi Nne za Kawangware

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilipohama Kawangware kuja mtaa wa Kianda nilibeba kitanda, cherehani na tairi nne za gari. Majirani wapya wakanicheka: "Mama, gari lenyewe liko wapi?" Lakini sisi wa Kawangware tulijua, paa lisipokandamizwa, upepo unang'oa mabati wewe ukiangalia. Tairi zangu zikapanda juu, nikalala raha.

Raha hiyo iliisha na mvua ya kwanza. Mbu! Si wale wanaoimba sikioni usiku; hawa walikuwa na madoa meupe miguuni, wanakuuma mchana kweupe ukiwa umekaa kwa cherehani. Binti yangu wa miaka miwili alijaa vipele, akashikwa na homa mara mbili. Nilikasirika mpaka nikashindwa kushona.

Wa kulaumu nilimwona kila nikifungua mlango. Ploti yetu iko kwa mteremko, na maji yote ya juu huishia chini kabisa, kwa bibi kizee mmoja Mnubi, shosho wetu sote, mwenye nyumba za kupanga. Pale yalifanya dimbwi, na kwenye dimbwi shosho alifuga bata kumi na mmoja. Aliwapenda kuliko wapangaji wake, na alisema hivyo bila aibu. Nikapita mlango kwa mlango: dimbwi lifukiwe! Watu wakakubali. Jumamosi asubuhi tukateremka na majembe na wilibaro mbili za udongo.

Shosho alisimama mbele ya bata wake, machozi yakimlenga.

"Mkifukia hapa, hawa nitawapeleka wapi? Haya. Lakini kwanza mnionyeshe hao mbu."

Akachota maji ya dimbwi kwa bakuli jeupe, akalipitisha. Tukachungulia. Matope na unyoya mmoja, basi. Akachota tena pembeni kwenye nyasi. Hakuna hata mtoto mmoja wa mbu.

"Bata wanawamaliza wote," akasema. Kisha akainua macho polepole, akapanda nayo mteremko mzima hadi kwenye paa langu. "Na zile tairi, mama, hazina maji?"

Nilicheka kwa dharau. Tukarudi wote hadi kwangu, na jirani yangu fundi wa mabati akapanda paani na bakuli lile lile, akachota kwenye tairi ya kwanza. Wacha! Maji safi ya mvua, na ndani watoto wa mbu wanajikunja na kujikunjua, hata huwezi kuwahesabu. Tairi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne sikutaka kuziona.

"Nyani haoni kundule!" mtu akasema nyuma yangu, na watu wakacheka hadi wakaweka majembe chini. Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Tairi zikashuka, mawe yakapanda. Maji ya tairi niliyabeba mwenyewe kwa karai hadi dimbwini, mbele ya kila mtu. Bata walikuja mbio wakawala watoto wote wa mbu kabla sijanyoosha mgongo.

Shosho alipangusa macho, akanishika bega. "Asante kwa chakula, mwanangu. Siku nyingine jembe uliache nyumbani."

Sasa miguu ya binti yangu haina kipele hata kimoja, na kila asubuhi ananivuta tuwapelekee bata makombo ya ugali. Nikikutana nao kichochoroni, mimi na mdomo wangu wote, nasimama kando kimya, wapite.