Pudre ya mama

Leo mama yangu amemwagia televizio pudre.

Tulikuwa nyumbani, hapa Mudzipela, siye na watoto wangu, tunaangalia filme ya musichana anayemaliza masomo. Mama hasikii luga ya ile filme hata kidogo, lakini alisha kuwa shangazi yake. Musichana akilia, mama naye machozi.

Mwisho, musichana akapewa diplome. Watu wakapiga makofi.

Mama akakasirika, maana kwetu mutu akipata diplome anamwagiwa pudre kichwani: "Makofi tu? Mutoto amepita, na hakuna hata mutu wa kumumwagia pudre?"

Akaenda chumbani, akatoka na kopo mbili za pudre ya kitoto changu, akamwaga moja yote pale kwa uso wa musichana. Televizio nyeupe! Watoto chini, kicheko.

Mimi nikaanza kupanguza, nikisema, "Lakini mama, weye pia, televizio itaharibika!"

Akaniangalia.

"Weye, ulipopata diplome, jina yako ilisomwa ku redio tukiwa Mambasa, tumekimbia vita. Hakuna mutu alikumwagia."

Akafungua kopo ya pili. Mimi, mama ya watoto watatu, nikainamisha kichwa.

Sijaoga mpaka sasa.

Nani mwingine alipata diplome mwaka ule, hakumwagiwa? Mukuje. Pudre ingali iko.