Saksafoni Ambayo Ng'ambo Hawakuisikia

Fanfare yetu ya Bagira, bendi ya tarumbeta na ngoma, inazika. Hiyo ndiyo kazi, na msinitajie harusi, maana tangu mambo yaharibike harusi zimekuwa haba, tena za kimya. Jeneza ndilo halikosi kupita. Mimi ninapiga ngoma kubwa. Papa Télesphore alikuwa mtu wa saksafoni, mbele kabisa, nyuma tu ya msalaba, akipanda na kushuka vilima vya mji huu usiojua tambarare.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Alichoka kupiga kwa nguvu. Mama wa watu analia pembeni yako, nawe kazi yako ni kumfunika sauti, ili kilima chote kijue kwamba kuna mtu anasindikizwa. Kesho mwingine, kesho kutwa mwingine. Hata nyumbani kwake aliomba chumvi kwa kupaza sauti, na mkewe alishachoka kumwambia apunguze.

Mvua za mazishi zikamalizia saksafoni yake. Vifuniko vikakataa kufunga. Ikasadifu kwamba Maman Rosalie, anayeongoza kwaya ya parokia, alikuwa anatafuta mtu wa saksafoni kwa muziki wa Pasaka. Muziki wa classique, wa kusoma kwenye nota. Télesphore anazijua nota, mapadre walimfundisha ujanani, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza.

"Papa Télesphore, minakukubali," Rosalie alimwambia. "Lakini ile sauti ya kuzika, hapana. Ukifunika batu bangu benye kuimba, unatoka."

Kwa umri wake, mlango kama huo haufunguki mara mbili. Sasa kila kitu kilitegemea chombo atakachokichagua.

Jean-Claude, fundi wa vyombo vya muziki, alikuwa na saksafoni mbili za kuuza. Tulikwenda watatu: Télesphore, mimi, na Gaston, mkuu wa fanfare, ambaye hakualikwa ila alikuja. Gaston akashikilia desturi. Kwetu chombo hakinunuliwi bila kujaribiwa bondeni: mmoja anapiga upande huu, mwingine anasimama kilima cha ng'ambo, na akisikia anainua kitambaa. Kisiposikika, kinabaki kwa mwenyewe. Basi Gaston akateremka bondeni na tumbo lake lile, akapanda ng'ambo, kichwa kigumu kama kawaida yake.

Télesphore akatoa mfukoni kipande cha kupulizia alichopewa na padre zamani, chenye tundu jembamba. Kwenye fanfare hakuwahi kukitumia. Akakifunga kwanza kwenye saksafoni mpya, inayong'aa. Sauti za chini ziligoma kutoka taratibu. Ama kimya, ama mlipuko. Huko juu ikawa kali, ya kukata. Hakuwa amemaliza, kitambaa cha Gaston kilishapanda.

Ya pili ilikuwa kuukuu, imepoteza rangi, ina kibonyeo. Akahamishia kipande kilekile, ili asidanganyike. Sauti ya chini ikatoka bila kukohoa, ikapanda hadi juu ikiwa ileile, ya mviringo. Akairudia kwa upole zaidi, halafu zaidi, na haikukatika. Mimi wa ngoma kubwa nilijikuta nimesogea karibu kusikiliza. Nilipokumbuka kutazama ng'ambo, Gaston alikuwa amepanua mikono, kana kwamba anauliza tunangoja nini.

Alirudi ametota jasho.

"Ya kwanza iko ya nguvu! Na ya pili, juu ya nini hamukuipiga?"

"Nimeipiga," alisema Télesphore.

"Mi sikusikia kitu."

"Basi ni ile minabeba."

Gaston akawaka. "Weye iko na wazimu? Kwenye makaburi nani atakusikia?"

"Minachoka, Gaston. Minachoka kupiga juu ya batu benye kulia."

Nilimkasirikia Gaston kwa makelele yake, lakini niseme ukweli, hata mimi iliniuma. Tulikuwa tunampoteza. Fanfare bila saksafoni yake ni mimi na tarumbeta tunagombana njiani.

Gaston aliketi kwenye ngazi ya Jean-Claude, akajifuta jasho kwa kitambaa kilekile. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, na ule mlima ulikuwa umemmaliza. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na siku yangu? Siku munanizika, utakuya na ile?"

"Nitakuya na ile."

"Sitasikia kitu."

Télesphore alikuwa anafunga sanduku, polepole.

"Siku ile hautakuwa ng'ambo, Gaston. Utakuwa hapa, karibu yangu."

Gaston aliinuka kwa shida, akachukua lile sanduku, akambebea hadi barabarani.