Msichana Ninayemchora

Msichana ninayemchora kwenye hadithi yangu ya katuni ni mkaidi. Babake akimwambia kaa, husimama, tena mbele ya wageni. Mimi hata dukani hunong'ona.

Jana shangazi alikuja kutoka Bondeni na posa ya mtu nisiyemjua. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu, na nilitaka kusomea uchoraji.

"Haya mwanangu, wamtaka?" shangazi akaniuliza.

Nikatazama mkeka.

"Kanyamaza! Mwari akinyamaza ndiyo kakubali," shangazi akasema, akapiga kigelegele.

Mama akacheka. "Mtazame alivyoona haya!"

Nilisema sitaki, lakini vigelegele vilinizidi, hata mwenyewe sikujisikia. Leo wameenda Biashara Street kunichagulia leso za harusi, nami nimebaki naosha vikombe vya wageni.