Safari ya Kumfuata Dereva wa Chai

Nilisafiri kwa sababu mamangu alikuwa edani. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi, na babangu alikuwa na miezi miwili tu kaburini. Basi Alhamisi ile, mamangu alipokuta karatasi ya kupimwa damu katika mfuko wa kanzu ya kakangu Athmani, wa kutoka alibaki mmoja: mimi, ambaye darasani hujua jibu na kungoja mwengine alikosee.

“Dereva wa chai apimwa damu ya nini?” mamangu aliniuliza.

Athmani alikuwa ametuaga alfajiri. Alisema amepata kazi ya kuendesha malori ya chai huko Kongo, kwa kampuni ya Wazungu. Kijana mmoja wa nyuma ya msikiti alikwenda kwenye chai hiyo hiyo akarudi na mguu mmoja, na chai, alisema, hakuionja. Alipewa bunduki. Watu wazima walisema kampuni ni pazia tu, nyuma yake iko serikali ya ng'ambo inayotaka kupigana bila kuonekana. Meli ya Athmani ilikuwa ing'oe nanga jioni hiyo, Magharibi.

“Nenda kawaambie wakubwa,” mamangu alisema. “Redio yasema serikali zimeungana kuyazuia mambo haya.”

Saa tatu asubuhi, ofisi ya pasipoti. Si mbali na kwetu Kibokoni, lakini nilipita vichochoro vyote vya kuepuka watu, ikawa mbali. Bwana Omari, mwenye miwani na mihuri minne, aliniuliza hali yangu, hali ya mamangu, hali ya nyumba nzima, akanipa na pole ya babangu, kwa ukamilifu ambao siku nyengine ningeupenda. Nikamweleza.

“Mwanangu, hao ndio askari wa kukodiwa,” alisema. “Serikali zimekubaliana kuwazuia.”

“Basi wamezuiwa?”

“Zimekubaliana,” alirudia, kana kwamba nimekosa adabu. “Pasipoti yake ni halali. Ya kuulizwa ni meli. Nenda Shimanzi, bandarini.”

Saa sita, Shimanzi. Malori yalinguruma, vumbi likapanda, na sauti yangu, ambayo hata nyumbani haisikiki, ilipiga hodi mara tano. Mkubwa wa idara ya meli alikuwa Bwana Shee, mtu mnene mwenye feni yake peke yake.

“Miye namshusha mtu melini ikiwa huko aendako wamemkataa,” alisema. “Meli yatia nanga kwanza kwa jirani zetu. Kawaulize. Ofisi yao iko karibu na Feri.”

“Huwezi kuwapigia simu?”

“Ofisi iko hapa hapa kisiwani, bibi, lakini kiserikali ni ng'ambo. Kuipigia ng'ambo yataka kibali cha Nairobi.”

Nilipotoka nilimwona Athmani kwenye lango la ghala, ameketi juu ya gunia na vijana wenziwe, wote wana buti mpya.

“Hizo ndizo za kuchumia chai?” nikamuuliza.

“Rudi nyumbani. Usinitie aibu.”

“Mama ameona karatasi ya damu.”

Aliangalia buti zake. “Na atakula karatasi? Baba hayuko. Nitie sahihi, nisitie, nani mwengine wa kuwalisha?” Akanipa kisogo.

Saa nane, Feri. Watu walitoka kwenye kivuko kama dengu kwenye gunia lililotoboka, nami nikabanwa ukutani mpaka walipokwisha. Mwakilishi wa serikali jirani, Bwana Kassim, alinipa soda na kiti, akanisikiliza kwa upole mkubwa.

“Sisi hatuwezi kumkataa mtu ambaye kwao hawajamnyang'anya pasipoti,” alisema. “Ofisi ya pasipoti ituandikie. Nakala tatu.”

“Wakiandika?”

“Tutajibu kwamba tumepokea.”

Nilirudi mbio kwa Bwana Omari. Mlango umefungwa. Kazi imekwisha.

Saa kumi na moja kasorobo, Kibokoni. Nilikuwa narudi kumwambia mamangu kwamba serikali zote zimenipokea vizuri. Hatua saba kutoka mlangoni petu iko baraza ya jirani, ambayo sijapata kuipita bila kuvuta buibui mpaka puani. Walikuwa wameketi watatu, wanakunywa kahawa na kubishana ni halwa ya nani iliyo bora. Bwana Omari. Bwana Shee. Na katikati yao, ametiwa kahawa na wote wawili, Bwana Kassim.

Miguu ilisimama yenyewe. Nikawaamkia.

“Ni kuhusu Athmani,” nikasema.

“Mwanangu,” alisema Bwana Shee, “barazani hatuzungumzi ofisi. Ndiyo dasturi yetu.”

“Na ofisini hamzungumzi. Mwazungumza wapi?”

Nilikuwa nimekwisha kufa kwa haya, na maiti haogopi. “Bwana Omari amngoja Bwana Shee. Bwana Shee amngoja Bwana Kassim. Bwana Kassim amngoja Bwana Omari. Mwapitishiana kahawa, mwashindwa kupitishiana jina la mtu mmoja?”

Juu, dirishani petu, mamangu alikohoa. Kikohozi kimoja tu. Wanaume watatu wakajua kwamba mwenye eda anasikia, wakaangalia vikombe vyao.

Bwana Omari alitoa kalamu, akaandika kwenye karatasi ya halwa kwamba pasipoti za madereva wale wa chai zinazuiwa. Bwana Kassim akaandika chini yake kwamba kwao hawapokelewi.

“Nakala?” aliuliza, kwa mazoea.

“Halwa ilikuwa moja,” alisema Bwana Shee, na tayari anatafuta viatu.

Magharibi ilipoadhiniwa walirudi na Athmani. Wenziwe wameshushwa pia. Hakusema nami siku tatu. Siku ya nne Bwana Shee alimtafutia lori la Shimanzi, na sasa anabeba chai kweli, na analalamika kwamba inamchosha.

Kuhusu serikali nimejifunza hili: zaweza kuketi goti kwa goti zisionane, mpaka mtu mmoja avunje adabu. Jengine nililijua juzi, nilipokuwa nazitoa buti zile uvunguni nipate kufagia. Ndani yake mlikuwa na mkataba, umekunjwa. Mahali pa jina la wa kuarifiwa akifa, Athmani ameandika jina langu. Mbele yake, kwa mwandiko wake mbaya: mama asiambiwe mpaka amalize eda.