Ovaroli ya Buluu

Sijawahi kumchukia yule afande wa kambi ya jeshi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu nikiwasimulia habari hii hutafuta wa kulaumu, na yeye ndiye wa karibu. Alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyevua kofia alipozungumza na wanawake. Alitaka dereva wetu arudi akiwa hai. Sote tulitaka hilo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mtunza stoo katika karakana ya maji, Lodwar. Nilitunza mabomba, vali, mipira ya pampu na nguo za kazi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa bado changa na haikushiba maji, kwa hiyo siku nyingi nilikuwa kule, katika stoo ndogo ya mabati kando ya barabara ya Lokichoggio. Shule niliiacha mapema. Nilichokijua nilikiokota katika magazeti makuukuu yaliyofungiwa vipuri. Niliyanyoosha, nikayasoma, nikayapanga kwa tarehe. Humo nilisoma zaidi ya mara moja jinsi askari wa nchi fulani walivyovamia mahali na kuwatoa mateka. Zilikuwa habari tamu, na nilizifurahia kama watu wengine.

Dereva alichukuliwa akienda kutengeneza pampu njia ya Kaaleng. Waliomchukua walikuwa wachungaji wenye bunduki kutoka ng'ambo ya mpaka. Lori waliliacha na ufunguo ndani yake. Walichotaka ni ng'ombe wao, ambao wanajeshi walikuwa wamewakamata katika msako na kuwafungia katika boma nyuma ya kambi yao, pale Kakuma. Ng'ombe hao walikuwa wakikonda huku tukiwatazama.

Habari zake tulizipata kwa mama mmoja muuza tumbaku. Alizoea kuvuka mpaka kwa miguu, kwa sababu pande zote mbili zinatafuna tumbaku. Alikwenda, akakaa huko, akarudi, akaketi mbele ya meza ya afande bila kungoja kukaribishwa. Mke wa dereva alikuwepo. Mimi niliitwa kutafsiri, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza Kiturkana na afande hakukijua.

"Ejok," mama alimsalimu mke wa dereva. "Mzima. Wanamlisha. Wamempa mbuzi achunge, na anachunga vibaya."

Mke wake akacheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe apotee. "Huyo? Hata kuku wangu walimshinda."

"Wazee wao wamekubali. Ng'ombe waende, mtu aje. Basi."

Afande akauliza, "Wako wapi hasa?"

"Wako na mbuzi. Mbuzi wako na majani."

"Mama, nakuuliza mahali."

"Nimekujibu, kijana wangu. Ukitaka mahali, kachunge nawe."

Hilo la mwisho nililainisha kidogo katika kutafsiri.

Afande akasema jambo ambalo mpaka leo siwezi kulipuuza. Tukiwapa ng'ombe, alisema, wiki ijayo watachukua dereva mwingine, na baada yake muuguzi, na baada yake mwalimu. Ni kweli. Nilimtafsiria mke wa dereva neno kwa neno, ingawa Kiswahili alikielewa vizuri.

"Huyo wa wiki ijayo ana mke wake," alijibu. "Mimi namuulizia wangu."

Mama wa tumbaku alipotoka nje, afande alimgeukia mke wa dereva. Alimwambia kwa upole kwamba vijana wake watakwenda kumtoa mumewe kwa nguvu, amsaidie au asimsaidie. Ila akimsaidia, mume atakuwa salama zaidi. Wamtambueje? Mwanamke alinitazama. Ukiambiwa kwamba risasi zitapigwa kwa vyovyote, utakataa kueleza sura ya mumeo?

"Ana ovaroli ya buluu," alisema. "Mgongoni nimeitia kiraka chekundu."

Afande alifurahi. Mimi nikauliza, "Na kama wameshaichukua?"

"Mzee, kule nani ana nguo ya ziada ya kumpa?"

"Ndiyo maana wanaweza kuichukua, afande."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemheshimu mkubwa wake kwa umri, na jambo likaishia hapo.

Kesho yake alimwita mama wa tumbaku na kumwambia arudi akawaambie wazee kwamba shauri lao linafikiriwa. Mama alijaza tumbaku yake, akafunga ndala zake za tairi, akaondoka. Wanajeshi walifuata nyayo zake. Hilo sikulijua mpaka baadaye. Nikilipima sasa, naona kwamba kabla ya risasi ya kwanza kulikuwa na kitu kimekwisha vunjika ambacho hakuna askari, hata awe hodari vipi, angeweza kukirudisha.

Helikopta ilitua Kakuma asubuhi. Tuliitwa uwanjani, mke wa dereva akiwa amevaa shanga zake zote na amebeba maziwa kibuyuni. Redio ya jeshi ilikuwa imeshatuma habari Lodwar, na kutoka Lodwar zikaenda mbele: mateka ameokolewa, wanajeshi wote wazima. Mlango ulifunguliwa. Akateremka kijana mrefu katika ovaroli ya buluu, suruali ikimwishia chini kidogo ya magoti. Alipogeuka, tukaona kiraka chekundu.

"Huyu si mume wangu," mwanamke alisema.

"Mama, ameshtuka tu. Ndiyo maana hasemi."

"Afande, mume wangu nimelala naye miaka mingi. Kushtuka kunarefusha mtu?"

Askari mmoja alicheka, halafu akaelewa alichokicheka. Wawili wakamrukia yule kijana. Mwanamke aliweka kibuyu chini, akasimama kati yao.

"Msimguse! Mkimpiga huyu, wangu anapigwa huko. Huyu ndiye mume wangu mpaka yule arudi."

Afande aliwaambia waache. Mwanamke akamgeukia mgeni. Lugha zao zinasikilizana. Alimuuliza kama amekula. Kijana akasema amepewa soda, na imemchoma pua. Kisha akaeleza, akitazama chini, kwamba ovaroli aliipata kwa dereva, na yeye akampa dereva shuka yake. Walipokuja askari walimkamata yeye kwa mikono, bila kumuumiza, na kwa wengine wakafyatua risasi. Mama wa tumbaku alikuwa ameketi na wazee. Yeye na wazee wawili hawakuinuka. Dereva alikuwa kisimani. Aliko sasa hakujua.

Tulitafuta mtu wa kwenda ng'ambo kupeleka shauri la kubadilishana. Wauza tumbaku wote wa Kakuma walikataa, na hakuna aliyewalaumu. Afande alifungua boma bila kuomba ruhusa ya mtu, na mke wa dereva akaondoka mwenyewe, akiwaswaga ng'ombe waliobaki hai, kijana akitangulia na ovaroli yake. Mimi nilibaki na mabomba yangu. Nilipanga vali kwa ukubwa, nikazichanganya, nikazipanga tena. Wakimbizi walikuja kuuliza maji, nikawajibu hakuna dereva.

Walirudi mke na mume, dereva akichechemea, amejifunga shuka, ameegemea bega la mkewe. Alikuwa amepigwa risasi ya paja, na waliompiga ni wetu. "Nilipiga kelele kwa Kiswahili mpaka sauti ikakauka," aliniambia. "Waliona mtu wa shuka na fimbo." Waliomfunga kidonda ni wale wale waliomteka, kwa sababu bila yeye wasingempata kijana wao. Mama wa tumbaku, alisema, alikuwa ndiyo kwanza amemwambia afunge virago vyake, ataondoka kesho kutwa.

Redio haikurekebisha habari yake. Magazeti yalipofika, nami nilipoyanyoosha, nilikuta sisi ni habari tamu ya mistari michache. Sikuyapanga na mengine. Na yale ya zamani niliyoyapenda sikuweza kuyasoma tena kwa utulivu. Kila mara nilitaka kujua ni nani hasa aliyeteremka kwenye ndege.

Afande alihamishwa. Alikuja kuniaga stoo, akakaa juu ya bomba, akaniuliza kama mama wa tumbaku aliacha watoto. Nikamwambia aliacha. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda.

Paja lilipopona, dereva alikuja kuchukua nguo mpya ya kazi. Nilimwekea mezani ovaroli, ikiwa bado na mikunjo ya kiwandani. Aliitazama bila kuigusa.

"Hakuna rangi nyingine?"

"Hakuna."

Aliikunja, akaitia kwapani, akasema asante. Lori aliliendesha miaka mingine mingi kati ya Lodwar na Kakuma, akiwa na shuka ile ile kiunoni, na hakuna mkubwa wa karakana aliyewahi kumuuliza.